Kitabu Kisichotakiwa Kumalizika

Msichore kitumbua. Naanza na hili kwa sababu najua wenye haraka kati yenu hawatanisoma mpaka chini, na kwa sababu kitumbua ndicho kilichonitoa machozi mapema kuliko vyote. Nyinyi vijana mnaochora vitabu vya kuwalaza watoto, mnaobeba rangi zote za dunia ndani ya kimashine cha mfukoni, lishikeni hili kwanza: katika kitabu cha kulaza, chakula hakiingii.

Mimi nilikiingiza. Tena nilikichora vizuri, na hapo ndipo palipoharibika. Nilikitia ile kingo ya kahawia iliyoungua kidogo, nikakitia vitobo vya hewa juu, nikakiachia doa jeupe pale mafuta yanapong'aa. Nilikihangaikia kama mtu anayempamba bibi harusi. Kesho yake, watoto walipofika ukurasa ule, waliokuwa wamelala waliinuka wakakaa kitako.

"Bi Rukia, nataka."

"Na mimi."

"Mimi nataka viwili, kimoja cha dada."

Mmoja akaanza kulia, wa pembeni yake akamfuata bila kujua kisa. Bi Tatu, aliyekuwa mkubwa wetu pale, alikiangalia kile kitumbua changu. "Mwanangu," akasema, "mimi nshakula, nimeshiba, na sasa nna njaa upya. Hiki si kitabu cha kulala, hiki ni mgahawa."

Basi nikaenda uani nikalia, mtu mzima na akili zangu, kwa sababu ya kitumbua.

Sasa niwaambieni tulikuwa wapi. Miaka ile baada ya Mapinduzi, Malindi ya Unguja, karibu na bandari, palikuwa na nyumba moja ya zamani yenye kuta nene ambayo chini yake walikusanywa watoto wadogo wa wanawake waliokuwa wakichambua karafuu maghalani. Mama anamleta mwanawe asubuhi, anakwenda kazini, anarudi kumchukua baada ya alasiri. Nyumba ilikuwa na jina refu la kiserikali, lakini hakuna aliyelitumia. Watu walisema "kwa Bi Tatu" na kila mtu akafahamu. Bi Tatu alikuwa mwanamke wa Tumbatu, mnene, mcheshi, mwenye kipawa cha kulala akiwa amekaa.

Mimi mwenyewe nilianzia ghalani na akina mama hao. Sikufaa. Vumbi la karafuu lilinipigisha chafya mpaka mwenzangu wa pembeni akaomba ahamishwe. Wakati wa mapumziko nilikuwa nachora kwa kipande cha mkaa juu ya magunia matupu: mbuzi, milango, mabuli ya chai. Bi Tatu alipita siku moja kumtafuta mama wa mtoto aliyeshikwa na homa, akaona gunia lenye mbuzi, akauliza nani kafanya hivi. Wote wakaninyooshea kidole kwa furaha, maana waliona njia ya kuondokana na chafya zangu.

Kazi niliyopewa ilikuwa hii. Adhuhuri watoto wakishakula, hulazwa kwenye mikeka katika chumba kikubwa. Lakini hawalali. Kelele za bandarini, joto, na wenyewe kwa wenyewe kuchokozana. Bi Tatu alikuwa amewaimbia nyimbo zote alizozijua, na kwa bahati mbaya kila wimbo ulimlaza yeye. Akataka vitabu vya picha ambavyo mlezi atavishika na kusoma maneno machache polepole. Vilivyokuwapo vya kununua vilikuwa na theluji na watoto wa mashavu mekundu waliovaa kofia zenye kishada. Watoto wetu walikuwa wakiuliza yule anaumwa nini. Kwa hiyo nikaambiwa, chora vyetu. Nilipewa muda wa majaribio. Nikishindwa, narudi ghalani.

Sikuwa nimefundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kunakili picha za makopo ya biskuti na paketi za majani ya chai, na nakshi za milango mikubwa ya Mji Mkongwe, ambazo nilizinakili nikiwa nimesimama barazani mwa watu mpaka wenyewe wakanitoa. Aliyejifunza peke yake hudhani kwamba wenzake wote wanajua siri fulani asiyoijua yeye. Nami nilikuwa na hofu hiyo mchana kutwa. Nilikuwa nafuta mstari mpaka karatasi inatoboka. Nilikuwa nikishafunga kitabu nakifungua tena nione kama miguu ya mbuzi bado inalingana, kana kwamba inaweza kurefuka gizani. Sijapona sawasawa. Hata barua hii kwenu nimeianza upya mara kadhaa, na neno "kitumbua" bado sijalipenda lilivyokaa pale juu.

Habari ya macho sasa.

Nilikuwa nakaa Jang'ombe kwa shangazi yangu, Bi Zaina, dada wa marehemu baba. Mwanamke mcha Mungu, mkali wa maneno, laini wa moyo. Siku aliyoona nimechora paka aliisogeza karatasi karibu na taa.

"Huyu anakuangalia," akasema.

"Nani, shangazi?"

"Huyo uliyemtia macho. Utaulizwa, umemtia macho, na roho yake iko wapi? Utajibu nini?"

"Shangazi, ni kazi."

"Sikukataza kazi. Chora milango. Chora majani. Chenye roho usikitie jicho."

Sikutaka kumvunjia heshima, na wala sikuwa na hakika kwamba kakosea. Lakini kitabu cha milango na majani kitamlaza nani? Na nikiri, macho ndiyo niliyokuwa nikijivunia. Nilikuwa na namna yangu ya kuacha nukta nyeupe ndani ya mboni, jicho likawa hai kabisa. Nikakaa chini jikoni namsaidia kukuna nazi, nafikiri.

"Shangazi, na kama amelala?"

"Nani amelala?"

"Paka. Aliyelala jicho lake halionekani."

Aliliweka bakuli chini. "Aliyelala halionekani," akakubali, taratibu, kama mtu anayekagua sarafu.

"Basi wote wawe wamelala."

"Wote?"

"Paka, mbuzi, kuku, bata, punda. Wote."

"Basi hao wachore. Lakini usiniletee mmoja anayechungulia."

Ndivyo nilivyoyaaga macho yangu mazuri. Niliona nimepokonywa mkono mzima. Nikachora paka amelala kibarazani, kuku amelala tengani, mbuzi amekunja miguu, kila jicho ni kijistari kimoja tu. Nikaenda nacho kazini nimenuna.

Watoto walimwangalia paka. Mmoja akauliza, "Mbona kafumba macho?"

"Amelala," nikajibu.

Akafumba yake, kujaribu. Na wa pembeni yake akafumba. Ukurasa wa kuku wakafumba tena, wengine wakasahau kuyafumbua. Nilibaki nimeshika kitabu hewani. Mlio wa pekee mle chumbani ulikuwa koromo la Bi Tatu, na huyo hatumhesabu.

Kwa hiyo likumbukeni hili la pili. Mtoto hulala kwa kuiga. Chora macho yaliyofumba, na mstari wa jicho uuinamishe chini kama kikombe. Ukiuinamisha juu kama upinde, mnyama anaonekana anacheka, na mtoto atataka kujua anacheka nini, na hapo umekwisha.

Rangi zetu zilikuwa za jikoni. Picha zenyewe nilizichora kwenye karatasi ya nta ya mashine ya kudurufu, zikatoka kwa wino mweusi. Rangi nilitia kwa mkono, kitabu kimoja kimoja. Manjano ya mchuzini, hina, na buluu ya kufulia nguo nyeupe. Mwanzoni nilikuwa naikoroga nzito, nataka ing'ae. Halafu nikaviacha vitabu dirishani wakati wa kiangazi, jua likayala manjano yote, kurasa zikabaki hafifu kama nguo iliyofuliwa sana. Nilitaka kuvichoma moto. Bi Tatu akaninyang'anya akavisoma hivyo hivyo, na watoto wakalala mapema zaidi. Tangu siku ile nikawa nafanya makusudi: ukurasa wa kwanza rangi kamili, wa pili naongeza maji, wa tatu maji zaidi, mpaka mwishoni rangi ni kama kumbukumbu tu. Gundi yangu ilikuwa uji wa unga wa ngano. Mende waliipenda. Kuna kitabu walichokila mgongo wote na nusu ya kurasa, mbuzi akabaki na kichwa.

Lipo na la muuza kahawa. Niliona kitabu kinahitaji sauti ya jioni, nikamchora mzee wa kahawa kwa nyuma, anaondoka na buli lake, na maneno chini yalisema vikombe vyake vinalia kli, kli, kli, mbali, mbali zaidi. Kwenye karatasi ilikuwa nzuri ajabu. Chumbani, watoto wote walichukua ile kli. Wakaipiga kwa midomo, kwa vijiko, mmoja kwa kufuli la mlango. Muuza kahawa wa kweli aliyekuwa akipita nje akasimama dirishani, akauliza nani anaharibu biashara yake humu ndani. Sauti, wanangu, iwe ile ambayo mtoto hawezi kuirudia. Mvua sawa. Mawimbi sawa. Vikombe hapana.

Lakini kosa langu kubwa kuliko yote sikulikosea kwa mkono. Nilikuwa nimetengeneza kitabu kipya ambacho nilikiamini. Kilianza kweupe, mji una pilikapilika, punda anavuta gari. Kisha punda analala. Ukurasa unaofuata kuku analala, kisha mbuzi, kisha paka, rangi zinafifia, na mwisho ni mama anakuja kumchukua mwanawe. Nilikipenda kitabu kile. Nikawagawia watoto nakala wajiangalizie wenyewe, mimi nikae pembeni nifurahi.

Badala ya kulala, waliamka. Chumba kizima kilichangamka hatua kwa hatua kama soko la asubuhi. Mwisho walikuwa wamesimama juu ya mikeka wanavuta magari ya punda yasiyokuwepo.

Nilidhani wananifanyia kusudi. Bi Tatu alicheka mpaka akajipangusa machozi kwa ncha ya kanga. "Rukia, hebu waangalie mikono."

Nikaangalia. Watoto wale walikuwa wakifuatana na ndugu zao wakubwa chuoni kusoma Qur'ani, kwa maalim, na kitabu pekee walichowahi kukiona kikifunguliwa kwa heshima ni juzuu. Juzuu hufunguliwa kuliani. Nao walikifungua kitabu changu kuliani, kwa adabu kabisa, wakaanza na mwisho. Kwao mama alikuja kwanza, kisha paka akaamka, mbuzi akaamka, kuku akaamka, rangi zikakolea, na punda akatoka mbio na gari lake. Nilikuwa nimetengeneza kitabu kizuri cha kuamsha watoto.

Na mimi mwenyewe nimesoma chuoni miaka. Sikuwaza.

Nikafikiria kuwafundisha waanzie kushotoni. Bi Tatu akasema waache, si vizuri kuwachanganya watoto wadogo kwa ajili ya punda. Mlezi ndiye atakayeshika kitabu, afungue anavyojua. Lakini kutoka hapo nililielewa jambo moja lililonikosesha raha: ukurasa wangu wa mwisho ni mlango pia. Kuna watakaoingilia hapo. Basi lazima uwe bora kuliko zote.

Na ule ukurasa ulikuwa wa mama.

Hapo ndipo anapoingia Mwanaidi. Mtoto wa miaka kama minne, shingo nyembamba, hereni za nyuzi masikioni. Mwanaidi halali. Wenzake wote wakiwa wamelala, yeye yuko macho, amelala chali, kimya, macho kwenye mlango. Hakuwa mtundu. Alikuwa zamuni, analinda mlango. Mama yake alipokuwa akija kumchukua alikuwa akimkuta na macho mekundu ya uchovu, na njiani anaanguka usingizi begani. Nilimwuliza kwa nini halali.

"Mama akija nikiwa nimelala, atapita."

"Hapiti. Anakujua."

"Atadhani mimi mwengine."

Nikamwambia ndiyo maana mwisho wa kitabu kuna mama anakuja. Akaangalia yule mama niliyemchora, kichwa kimeinama, macho chini, kwa ajili ya shangazi. Akamwangalia kwa haki.

"Si mama yangu huyu."

"Ni mama tu."

"Basi kamjia nani?"

Nikamchora upya. Nikamvisha buibui. Mtoto mmoja akasema wa kwake kanga. Nikamvisha kanga. Wa tatu akasema kanga ya mama yake ina korosho, hii ina maua. Nikamchora kwa mbali, mdogo, njiani. Mwanaidi akasema huyo anaondoka. Nikabadilisha pua, nikabadilisha mwendo, nikabadilisha pakacha mkononi. Nyumbani shangazi alikuwa akinikuta nimezungukwa na akina mama waliochanwa vipande. "Umewafanya nini hawa?" akauliza. "Hata mimi naanza kuwaonea huruma."

Katika hali hiyo tukaletewa habari kwamba afisa anakuja. Atakaa nasi adhuhuri moja, aone kama vitabu vinafanya kazi. Vikifanya, kitabu kitapelekwa kupigwa chapa, kigawiwe kwenye nyumba zote za watoto kisiwani. Visipofanya, karatasi zenyewe zilikuwa za shida, basi yaishe, na mimi nirudi kwenye chafya.

Kila kitu kilikuwa tayari ila mama. Asubuhi ya siku ile nilimfuta kwa mara ya mwisho, nikachana ukurasa, nikashonea karatasi nyeupe mpya mahali pake ili nimchore haraka kabla ya mgeni kufika. Nikashika penseli. Nikachora mstari wa bega, nikaufuta; nikachora tena, nikafuta tena. Nilikuwa bado nimeikamata ile penseli wakati Bi Tatu anaita, "Rukia, mgeni kashafika, leta kitabu."

"Bi Tatu, hakijaisha."

"Kitaisha chenyewe wakilala. Lete."

Afisa alikuwa bwana wa makamo, miwani minene, shati lililopigwa pasi kwa hasira. Tukamwamkia, shikamoo, akaitikia, marahaba, akavua viatu akaketi mkekani kwa taabu. Nilitegemea Bi Tatu ndiye atakayesoma. Bi Tatu alikuwa anajua ukurasa wa mwisho hauna kitu, angesimama kwenye paka.

"Nipeni mimi," akasema afisa. "Nataka nione mwenyewe."

Fikirini hali yangu. Mtu mwenye kuchana ukurasa kwa sababu ya kwato, anamtazama afisa wa serikali akielekea, ukurasa kwa ukurasa, kwenye karatasi tupu. Kulikuwa na njia moja tu ya kuokoka: alale.

Akaanza. Alikuwa na sauti nzito, nzuri, haina haraka. Punda akalala. Watoto wa mbele wakafumba macho. Kuku akalala. Bi Tatu akaegemea ukuta, na mimi nikajua huyo kaondoka. Mbuzi akalala. Afisa akapiga mwayo, akaufunika kwa mkono, akaiweka sawa miwani yake. "Mbuzi... amekunja miguu," akarudia, ingawa alishasema. Nikamwombea dua. Sijapata kumwombea mtu usingizi kwa moyo ule, hata jamaa zangu walipougua. Kichwa kikamwinama. Nikavuta pumzi. Kikainuka. "Paka," akasema kwa nguvu, kama anayemjibu mtu, akafunua mpaka kwa paka. Ukurasa uliobaki ulikuwa mmoja tu. Kidole chake kilikuwa tayari kwenye ncha.

"Paka," akasema tena, polepole. Kidevu kikashuka kifuani, kitabu kikajifunga mapajani mwake, na koromo lake likaungana na la Bi Tatu.

Chumba kizima kimelala. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Nikanyata kwenda kukichukua kitabu.

Mwanaidi alinitangulia. Alikuwa macho, bila shaka. Alikuwa ameketi kimya karibu na goti la afisa, akakivuta kitabu polepole mpaka kikatoka, akakiweka mbele yake, na akakifungua kwa adabu. Kuliani.

Ukurasa mweupe ukamtazama.

Sikuthubutu kusogea. Aliuangalia kwa muda mrefu. Akaugeuza, akamwona paka amelala, akaurudisha. Akaupitisha kiganja juu yake. Kisha akaniangalia mimi, akanong'ona.

"Hapa bado hajafika."

Nilikuwa na maneno mengi ya kuomba radhi mdomoni. Nikayameza. "Bado," nikasema.

"Yuko njiani?"

"Yuko njiani."

Akafikiri. "Akifika utaniamsha?"

"Ntakuamsha."

"Utamwambia mimi ndiye mimi?"

"Ntamwambia."

Akakifunga kitabu, akajilaza ubavu, akakiweka chini ya shavu. Nikamtazama macho yake yanavyokwenda, yanarudi mlangoni, yanakwenda tena. Halafu yakawa mistari miwili, imeinama chini kama vikombe, sawasawa na nilivyokuwa nikiichora.

Nilikaa pale mlangoni mpaka adhana ya alasiri.

Afisa aliamka nayo. Akaitafuta miwani, ilikuwa puani. Akawaona watoto wote wamelala, akamwona Bi Tatu, akaniona mimi namwona. "Nilikuwa nimefumba macho," akasema, "ili nisikilize kama kuna kelele."

"Naam, bwana."

"Hakuna kelele."

"Hakuna."

Akakichukua kitabu polepole kutoka chini ya shavu la Mwanaidi. Akakifungua mwisho. Akaona weupe. "Na hapa pana nini?"

Nikafungua mdomo kusema ukweli, kwamba nimeshindwa. Lakini Mwanaidi alikuwa ameamka kwa kuvutiwa mto wake, nywele zimesimama upande mmoja.

"Hapo mama yuko njiani," akamwambia, kwa uvumilivu wa mtu anayemweleza mgeni. "Wewe ulilala mwanzo, hukuona."

Afisa akakohoa. Na nje, kwa wakati wake wa kila siku, tukasikia kandambili na vicheko vya akina mama wanatoka maghalani, na harufu ya karafuu ikawatangulia ndani. Nikamkimbilia Mwanaidi kutimiza ahadi yangu. Nikamwambia mama yake, huyu ndiye yeye. Mama akanishangaa. "Nakujua, mwanangu wewe," akamwambia, akampakata. Siku ile Mwanaidi alirudi nyumbani kwa miguu yake, anaruka.

Afisa alikuwa anavaa viatu. "Ule ukurasa," akaniambia bila kuinua kichwa, "nilitaka kukwambia umchore mama yao. Usimchore. Mwache afike mwenyewe."

Kwa mpiga chapa ilinibidi nipigane. "Dada, umesahau ukurasa," akasema. Nikamwambia sikusahau. Akasema karatasi ni adimu, weupe wote huo ni hasara, angalau tutie hesabu ya mara mbili. Mimi mwenye hofu ya kila kitu, nilimsimamia pale kiwandani mpaka nakala ya mwisho ikatoka, nisije nikageuza kisogo akawatia watoto hesabu usingizini. Shangazi nilimpelekea yake. Kila akitaka kukikagua kama kuna anayechungulia, alilala kwenye mbuzi.

Nimechora vingi baada ya hicho, na vingine ni bora kwa mkono. Lakini watu wazima wanaponisimamisha, hicho ndicho wanachokitaja. Bwana mmoja kwenye foleni ya hospitali alinishika mkono akaniambia hatasahau ile picha ya mwisho, mama amevaa buibui lililopauka begani. Muuza nguo wa Darajani akasema hapana, mama alikuwa na kanga ya samawati, na pakacha la ndizi. Mwingine aliapa kwamba aliyekuwa anakuja ni bibi, mwenye fimbo, na kwamba fimbo ile niliichora vizuri kupita yote. Wote nimewajibu vilevile. Naam, ndiye huyo.

Mwanaidi sasa ana wajukuu. Alikuja juzi kunijulia hali, kaniletea vitumbua, makusudi. Tukacheka, tukanywa chai. Nikamsimulia kuhusu yule bwana wa hospitali na buibui lake.

"Bi Rukia," akasema, "mimi nilijua hukumaliza. Ukurasa ule ulikuwa na alama za penseli iliyofutwa. Nilizipapasa kwa kiganja."

Nikashtuka, nikaona haya, umri wangu huu. "Na mbona hukusema?"

Akachukua kitumbua, akaiangalia ile kingo ya kahawia. "Ningesema," akajibu, "ungemchora."